Sura ya Nne: Kutoka Kivukoni hadi Ligi ya Mabingwa

Mashabiki wa mpira wa Bonde la Kilombero wana swali moja wasilolichoka. Utalisikia Kivukoni, Ifakara mjini, Lupiro, Mlimba na Kidatu, hasa usiku wa Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, vibanda vya kuonyesha mpira vinapojaa: kwa vipaji vyote tulivyonavyo, mbona hatumwoni kijana wetu kule? Swali hili ni la haki. Nenda uwanja wowote wa vumbi bondeni jioni ya kiangazi na utamkuta kijana anayetuliza mpira kwa mguu mmoja, anawapita mabeki wawili na kupiga shuti linalomshinda kipa. Watu wanaomtazama wanajua kwamba wameona kitu. Baada ya miaka mitano kijana huyo yuko shambani au anaendesha bodaboda, na wanaokumbuka mabao yake ni majirani peke yao.

Majibu ya kawaida ni manne. Wengine wanasema tatizo ni fedha. Wengine wanasema ni kujuana. Wapo wanaosema Ifakara iko mbali mno na Dar es Salaam, na wapo wanaolalamika kwamba wachezaji wa kigeni wamezijaza timu zetu kubwa. Kila jibu lina chembe ya ukweli, lakini hakuna hata moja linaloeleza kwa nini wachache wamefika. Kabla ya daraja la mto Kilombero kuzinduliwa mwaka 2018, msafiri wa Mahenge aliyefika Kivukoni usiku hakuweza kuvuka eti kwa kuwa ana miguu imara. Alihitaji pantoni. Kipaji ni miguu imara ya mchezaji: ni lazima awe nacho, lakini hakimvushi peke yake.

Hoja ya sura hii ni kwamba kinachokosekana kati ya Kivukoni na Ulaya ni ngazi za katikati: ligi zenye mechi nyingi, usajili unaoandikwa, na klabu zinazocheza mashindano ya Afrika. Ngazi hizo zinaanzia wilayani, na ile ya chini kabisa tunaweza kuijenga wenyewe.

Njia aliyopita Samatta

Tuanze na mfano ambao kila mtu anaujua, kwa sababu ndio unaoeleweka vibaya kuliko yote. Mbwana Samatta alizaliwa Dar es Salaam mwezi Desemba 1992 na alikulia Mbagala. Wengi wanamkumbuka akiwa na jezi ya Aston Villa, wakadhani alitoka Mbagala akatua Uingereza. Haikuwa hivyo. Alicheza Ligi Kuu akiwa African Lyon, akahamia Simba mwaka 2010, na mwaka uliofuata Simba ikapangwa na TP Mazembe ya Lubumbashi katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Simba ilifungwa, lakini Samatta alipata bao, na Mazembe, waliokuwa wametwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2009 na 2010, walikuwa wamemwona kwa macho yao. Wakamsajili akiwa na umri wa miaka 18.

Sehemu inayofuata ndiyo inayosahauliwa. Samatta alikaa Lubumbashi miaka mitano hivi. Ni muda mrefu kwa kijana anayetamani Ulaya, lakini ndio uliomkomaza. Mwaka 2015 Mazembe walikutana na USM Alger ya Algeria katika fainali ya Ligi ya Mabingwa. Walishinda 2-1 ugenini na 2-0 nyumbani, na Samatta alifunga katika mechi zote mbili. Alimaliza mashindano hayo akiwa na mabao saba, kileleni mwa orodha ya wafungaji. Januari 2016 alitangazwa mjini Abuja kuwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, Mtanzania wa kwanza kupata heshima hiyo, na mwezi huohuo akajiunga na Genk ya Ubelgiji. Akiwa na Genk alitwaa ubingwa wa Ubelgiji msimu wa 2018/19. Septemba 2019 alifunga dhidi ya Salzburg na kuwa Mtanzania wa kwanza kupata bao katika Ligi ya Mabingwa ya Ulaya. Januari 2020 akaenda Villa, na tarehe 1 Machi mwaka huo akafunga Wembley katika fainali ya Kombe la Ligi, ingawa Manchester City walishinda 2-1.

Hesabu vituo: African Lyon, Simba, Mazembe, Genk, Villa. Kila kituo kilikuwa kigumu kidogo kuliko kilichotangulia, na kila kimoja kilimpa ushahidi wa kupeleka kingine. Genk hawakununua sifa za kijiweni. Walinunua mchezaji aliyeamua fainali ya Afrika huku kamera zikirekodi.

Wengine walipita njia hiyohiyo. Simon Msuva alitoka Yanga mwaka 2017 kwenda Difaâ El Jadida ya Morocco, na kutoka hapo akapanda hadi Wydad Casablanca, klabu iliyowahi kutwaa ubingwa wa Afrika. Fiston Mayele, Mkongo aliyepata umaarufu wake Yanga, aliongoza kwa mabao katika Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, akanunuliwa na Pyramids ya Misri, na mwaka 2025 akafunga katika mechi ya marudiano ya fainali ya Ligi ya Mabingwa, Pyramids walipoifunga Mamelodi Sundowns 2-1 na kuchukua kombe.

Mtu anaweza kupinga kwa kumtaja Victor Wanyama. Mkenya huyo alikwenda Sweden akiwa bado kijana mdogo, kisha Ubelgiji, Celtic, Southampton na Tottenham, bila kusubiri vikombe vya Afrika. Ni kweli. Ila tuangalie alichokuwa nacho Wanyama ambacho wengi hawana. Baba yake, Noah, aliichezea AFC Leopards. Kaka yake, McDonald Mariga, alikuwa ametangulia Sweden, naye baadaye alikuwa katika kikosi cha Inter Milan kilichotwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 2010. Familia yake ilikuwa ngazi tosha. Isitoshe, kanuni za shirikisho la mpira duniani, FIFA, zinakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, na utekelezaji wake umekazwa. Kelvin John aliyeng'ara na Serengeti Boys, timu ya taifa ya vijana wa chini ya miaka 17, mwaka 2019 alijiunga na Genk mwaka 2021, alipotimiza miaka 18. Mzazi wa Ifakara anayeambiwa kwamba mwanawe wa miaka 15 atapelekwa klabu ya Ulaya mwezi ujao, mradi alipie "gharama za viza", aijue kanuni hiyo na afunge mfuko wake. Wakala wa kweli, yaani mtu anayemtafutia mchezaji klabu na kusimamia mkataba wake, ana leseni ya FIFA na haishi kwa michango ya wazazi.

Kwa nini vikombe vya Afrika ni soko

Shirikisho la mpira la Afrika, CAF, lina mashindano mawili makubwa ya klabu. Ligi ya Mabingwa ni ya mabingwa wa nchi. Kombe la Shirikisho ni la timu zinazofuata na washindi wa vikombe vya mtoano vya nchi, yaani vile ambavyo ukifungwa unatoka. Kila msimu CAF hupanga nchi kwa matokeo ya klabu zake katika miaka mitano, na nchi 12 za juu huingiza timu nne, mbili kila shindano. Nchi nyingine huingiza mbili. Tanzania imo katika zile 12.

Nafasi hiyo haikuletwa na bahati. Mwaka 1974 Simba ilifika nusu fainali ya kombe la mabingwa wa Afrika. Mwaka 1993 ilifika fainali ya Kombe la CAF la wakati huo, ikatoka sare Abidjan na Stella, kisha ikafungwa 2-0 Dar es Salaam mbele ya mashabiki wake. Baada ya hapo ulifuata ukame mrefu, uliovunjwa mara chache na siku kama ile ya mwaka 2003 Simba ilipowatoa Zamalek ya Misri. Mambo yalibadilika kuanzia msimu wa 2018/19, Simba ilipofika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Mwaka 2023 Yanga walifika fainali ya Kombe la Shirikisho, wakafungwa 2-1 na USM Alger nyumbani, wakashinda 1-0 Algiers, na kulikosa kombe kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Mwaka 2025 Simba nao walifika fainali ya kombe hilo, wakapoteza 2-0 ugenini kwa Berkane ya Morocco na kutoka nao sare ya 1-1 Zanzibar.

Matokeo haya yana maana gani kwa kijana wa Kivukoni? Klabu inayofika hatua ya makundi inacheza angalau mechi sita dhidi ya timu za Misri, Morocco, Algeria, Afrika Kusini au Kongo. Mechi hizo zinarekodiwa na kutazamwa na watu ambao kazi yao ni kununua wachezaji. Beki wa Kitanzania anayemzuia mshambuliaji wa Al Ahly kwa dakika 90 Cairo amepita mtihani unaotambulika duniani. Na kuna fedha: bingwa wa Afrika wa mwaka 2025 alipewa dola milioni 4 za Marekani, na wa Kombe la Shirikisho dola milioni 2. Ligi ya nyumbani nayo imepanda thamani. Mwaka 2021 Azam Media walisaini mkataba wa miaka kumi wa shilingi bilioni 225.6 kuonyesha mechi za Ligi Kuu. Leo kijana anaweza kuishi kwa mpira bila kuvuka mpaka, na akicheza vizuri anaonekana kila wiki.

Kwa kifupi: njia ya kupanda kwa wachezaji hawa imepita Lubumbashi, Casablanca na Cairo, na tiketi yake hukatwa na klabu za nyumbani zinazofanya vizuri Afrika.

Na wachezaji wa kigeni?

Hapa ndipo lalamiko kubwa linapoingia. Kanuni zimeruhusu klabu ya Ligi Kuu kusajili wageni hadi 12, na Simba, Yanga na Azam wametumia nafasi hizo kweli kweli. Mashabiki wanasema kila Mzambia au Mghana anayesajiliwa amemfungia mlango Mtanzania mmoja. Lalamiko hili lina uzito. Kuna washambuliaji wazawa waliozeeka benchi, na timu ya taifa imewahi kuhangaika kutafuta mfungaji kwa sababu hiyo.

Lakini tazama kilichotokea mahali ambapo wazawa walishindana na wageni badala ya kulindwa dhidi yao. Kikosi cha Yanga kilichofika fainali ya 2023 kilikuwa na Mayele mbele, lakini katikati ya ulinzi walikuwapo Watanzania: Dickson Job, Bakari Mwamnyeto na Ibrahim Hamad, maarufu kama Bacca. Walijifunza kumkaba Mayele mazoezini kila siku kabla ya kukutana na washambuliaji wa Afrika Kaskazini. Simba ya 2025 ilikuwa na Shomari Kapombe na Mohamed Hussein "Tshabalala" pembeni. Bila mabao ya wageni, klabu hizo huenda zisingefika hatua ambayo mabeki wetu wangeonekana. Ningekubali idadi ya wageni ipunguzwe kidogo kwa ajili ya washambuliaji wazawa. Lakini anayedhani kwamba kuwafukuza wote kutamleta kijana wa Kivukoni uwanjani anakosea hesabu: kijana huyo hajafika hata mlango ambao mgeni anadaiwa kuufunga. Amekwama ngazi kadhaa chini yake.

Ngazi zilizopo kati ya Kivukoni na Ligi Kuu

Ngazi zenyewe ni hizi, kuanzia chini:

1. Ligi ya wilaya, inayosimamiwa na chama cha mpira cha wilaya.
2. Ligi ya mkoa. Kwa Kilombero ni mkoa wa Morogoro.
3. Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, inayokutanisha washindi wa nchi nzima.
4. First League, daraja la tatu kitaifa.
5. Championship, daraja la pili.
6. Ligi Kuu yenye timu 16.

Klabu inayoshinda inaweza kupanda ngazi zote hizi, lakini mchezaji hahitaji kuisubiri klabu yake. Anaweza kuruka kutoka ngazi ya pili hadi ya tano kama kuna mtu aliyemwona na kuna karatasi inayomtambulisha. Mkoa wa Morogoro una historia nzuri katika jambo hili, na inasikitisha kwamba inasahauliwa. Mseto ya Morogoro ilitwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1975. Mtibwa Sugar, timu ya mashamba ya miwa ya Turiani, ilitwaa ubingwa mwaka 1999 na 2000, na tangu wakati huo klabu pekee nje ya Simba na Yanga iliyowahi kuchukua taji hilo ni Azam, msimu wa 2013/14. Mtibwa haikuwa na jiji nyuma yake. Ilikuwa na mwajiri, uwanja wa Manungu, na timu ya vijana iliyosimamiwa bila kukatizwa, iliyotwaa ubingwa wa vijana wa chini ya miaka 20 zaidi ya mara moja.

Dickson Job niliyemtaja alipita Mtibwa. Alicheza Serengeti Boys katika fainali za Afrika za vijana Gabon mwaka 2017, akakomaa Turiani, akaenda Yanga Januari 2021, na miaka miwili baadaye alikuwa akicheza fainali ya Afrika. Kapombe alitoka Polisi Morogoro kwenda Simba mwaka 2011. Mwaka 2013 alikwenda AS Cannes ya Ufaransa, iliyokuwa daraja la chini wakati huo, na mwaka uliofuata akarudi kuichezea Azam. Sehemu kubwa ya heshima yake ameipata nyumbani na katika vikombe vya Afrika, jambo linaloonyesha kwamba neno "Ulaya" kwenye mkataba halimpandishi mchezaji kama klabu yenyewe haipandi.

Kwa hiyo umbali si kisingizio. Turiani nayo si Kariakoo. Tofauti ya Turiani na sehemu kubwa ya Bonde la Kilombero ni kwamba Turiani palikuwa na timu ya kudumu yenye mechi za kila wiki zilizoandikwa mahali.

Bondeni tunacho kitu kingine, tena tunakipenda: ndondo. Ni mashindano ya mchangani yanayoandaliwa na diwani, mbunge, mfanyabiashara au kundi la vijana, na mshindi anaondoka na mbuzi, ng'ombe au fedha taslimu. Ndondo ina raha yake, na hakuna sababu ya kuibeza. Inakusanya vijiji, inampa mama lishe biashara, inamfundisha kijana kucheza mbele ya kelele. Lakini kama shule ya mpira ina kasoro tatu. Kwanza ni ya mtoano: timu ikifungwa Jumamosi, msimu wake umekwisha. Pili inaendeshwa kwa mamluki, wachezaji waliokodishwa kwa siku moja ili kushinda mbuzi, kwa hiyo kijana wa hapohapo ndiye anayekaa nje ya mstari. Tatu, na hii ndiyo kubwa, haiachi kumbukumbu. Kijana aliyefunga mabao manane katika kombe la diwani hana hata karatasi moja inayosema alifunga.

Karatasi yenye thamani ya fedha

Viongozi wa klabu za vijijini wana jibu la haraka: usajili ni gharama, na sisi tunafaidika nini? Mchezaji akipanda, Simba na Yanga ndio watakaopata fedha. Jibu hili linaeleweka, lakini limepitwa na kanuni iliyopo.

FIFA ina kanuni inayoitwa mchango wa mshikamano. Maana yake ni kwamba mchezaji wa kulipwa anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei hugawiwa klabu zilizomlea tangu msimu alipotimiza miaka 12 hadi ule wa miaka 23. Kwa kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15, klabu iliyokuwa naye hupata robo ya asilimia moja ya bei. Kwa kila msimu wa miaka 16 hadi 23, hupata nusu ya asilimia. Ipo pia fidia ya mafunzo, malipo mengine yanayoweza kudaiwa kijana anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa katika klabu ya nchi nyingine.

Tuiweke kanuni hiyo Kivukoni kwa mfano wa kufikirika. Mtoto anajiunga na klabu ya kijiji akiwa na miaka 12 na kukaa nayo misimu minne. Baadaye anacheza Dar es Salaam, kisha klabu ya Morocco inamnunua kwa shilingi bilioni 1. Misimu minne mara robo ya asilimia ni asilimia 1, yaani shilingi milioni 10 kwa klabu ya Kivukoni. Kama mtoto huyo angebaki misimu miwili zaidi, ya miaka 16 na 17, zingeongezeka milioni 10 nyingine. Na akiuzwa tena kutoka Morocco kwenda Ubelgiji kwa bei kubwa zaidi, hesabu inaanza upya na klabu inalipwa tena. Tangu Novemba 2022 malipo haya hupitia chombo maalumu cha FIFA kilichopo Paris, kinachotumia pasipoti ya mchezaji, yaani orodha ya klabu zote alizosajiliwa na tarehe zake, kujua nani alipwe nini.

Kila kitu kinasimama juu ya orodha hiyo. Klabu isiyosajiliwa kwa chama cha mpira haimo. Klabu iliyosajiliwa lakini haikumsajili mtoto haimo. Klabu iliyomsajili kwa jina tofauti na la cheti cha kuzaliwa itabaki kubishana na ushahidi. Klabu isiyo na akaunti ya benki haina mahali pa kupokelea. Hizi si kazi za matajiri. Ni kazi za katibu mwenye daftari na subira.

Karatasi inalinda pia upande mwingine. Mwaka 2005 Serengeti Boys waliondolewa katika fainali za Afrika za vijana zilizofanyika Gambia kwa kosa la umri wa mchezaji. Kizazi kizima cha vijana waliokuwa wamefuzu kwa jasho kilipoteza nafasi ya kuonekana. Siku hizi mashindano ya chini ya miaka 17 hupima mifupa ya kifundo cha mkono kwa kipimo cha picha ili kubaini waliozidi umri. Mzazi anayempunguzia mtoto miaka akidhani anamsaidia anamtegea mtego utakaomnasa siku ya siku.

"Kipaji hakifichiki"

Bado kuna pingamizi moja lenye nguvu, na wanaolitoa ni watu wanaoujua mpira. Wanasema kipaji cha kweli hakifichiki. Samatta angeonekana hata bila makaratasi. Huenda kwa Samatta ni kweli. Lakini hoja hiyo ina udhaifu: tunawajua wale tu walioonekana, na aliyepotea hana shahidi. Tena inachukulia kwamba kipaji kimekamilika kijana akiwa na miaka 14, kinachobaki ni kukigundua. Anayefundisha vijana anajua vingine. Mshambuliaji wa mchangani hajui asimame wapi mpira ukiwa upande wa pili, hajui kumvuta beki ili mwenzake apite, hajui kucheza dakika ya 80 akiwa nyuma 1-0 huku amechoka. Mambo haya hayafundishiki kwa mechi tatu za kuwania mbuzi. Yanahitaji mechi 20 kwa mwaka, dhidi ya timu zilezile zinazokukumbuka na kukukamia, miaka mitatu au minne mfululizo.

Ushahidi mzuri uko Nairobi. Mwaka 1987 ilianzishwa katika mtaa wa Mathare, mojawapo ya mitaa ya watu maskini zaidi jijini humo, jumuiya ya michezo ya vijana inayofahamika kama MYSA. Mwanzilishi wake, Bob Munro, Mkanada, hakuanza kwa kutafuta nyota. Alianza na ligi ya watoto, na timu zilipata pointi pia kwa kusafisha taka mtaani. Watoto walicheza kila wiki na matokeo yaliandikwa. Baada ya miaka michache ikazaliwa Mathare United, ambayo mwaka 2008 ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya, na kutoka humo alipita Dennis Oliech, aliyekwenda Qatar na kisha kucheza Ufaransa. Watoto wa Mathare hawakuwa na viwanja vizuri kuliko vya Kivukoni, wala wazazi wenye fedha zaidi. Walikuwa na ratiba.

Ligi inayofuata mpunga

Ratiba ndiyo inayotushinda bondeni, na sababu yake haiko kwenye kanuni za mpira. Kilombero ni bonde la mafuriko. Mvua za masika zinafunika mbuga, na familia nyingi huhamia mashamba ya mpunga ya mbali, zikaishi kwenye vibanda hukohuko kuanzia kulima na kupanda hadi kuvuna. Watoto huondoka pamoja na wazazi. Klabu inayoanza msimu wake Februari itakuwa na wachezaji sita Machi. Ligi ya wilaya ikipangwa kwa kufuata kalenda ya Dar es Salaam, hapa itakufa kila mwaka, na watu watasema vijana wa Kilombero hawana nidhamu.

Jibu ni kuifanya ligi ifuate mpunga. Kuanzia Juni, mavuno yakiwa yameingia au yanaelekea mwisho, hadi Novemba kabla ya mashamba kuanza upya, kuna wiki zaidi ya 20 kavu. Timu kumi zinazocheza nyumbani na ugenini zinahitaji wiki 18. Ni mechi 18 kwa kila kijana, kwenye viwanja vilevile vya ndondo, na daraja sasa linaruhusu timu za upande wa Ulanga kuja Ifakara na kurudi siku hiyohiyo kwa mechi za kirafiki. Mashindano ya shule, UMITASHUMTA kwa msingi na UMISSETA kwa sekondari, yanaweza kuwa mahali pa kuwaandikisha watoto badala ya kuwa tukio la wiki moja linalosahaulika. Na mfadhili mwenye mbuzi wake hahitaji kuacha. Ampe mshindi wa ligi, baada ya mechi 18, na wachezaji wote wawe wamesajiliwa.

Kwa kiongozi wa klabu anayesoma sura hii, kazi ya msimu ujao si kubwa. Kamilisha usajili wa klabu kwenye chama cha mpira cha wilaya. Fungua akaunti ya benki kwa jina la klabu. Chukua nakala ya cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto na umsajili kwa jina lililo kwenye cheti hicho. Andika kila mechi: tarehe, waliocheza, waliofunga. Na uanze na wenye miaka 12, kwa sababu umri huo ndio ambao kanuni za dunia zinaanza kuihesabu klabu yako.